Valvu Inayoitika

Majuzi nilikuwa nimeinamia amplifaya ya gitaa niliyoiunda kwa mikono yangu, penseli mkononi, na pembeni nimefungua orodha ya istilahi za kielektroniki niliyoazimwa na rafiki. Nilitaka kuona wenzetu wameiitaje ile hali ambayo Waingereza, wakiiona kwenye valvu, husema valvu imekuwa maikrofoni. Nikakuta imeandikwa "mvumo wa kipaza sauti". Nikaweka penseli chini, na kazi ya jioni ile ikaishia hapo.

Nisifiche kwamba jina hilo limeniuma. Niliwahi kuwapelekea waandaaji wa orodha ile pendekezo langu, kurasa mbili zilizopigwa chapa vizuri, na hawakunijibu hata kwa mstari mmoja. Lakini uchungu wangu tuuache kidogo, tuyapime maneno yao.

Mvumo kila fundi anaujua. Ni ule mngurumo mnene wa umeme wa hezi 50, na chanzo chake hutafutwa kwenye kapasita za kuchujia, kwenye waya wa ardhi au kwenye nyaya za hita zilizopitishwa ovyo. Mwanafunzi akiambiwa valvu yake ina mvumo, atabandua kapasita nzima zisizo na kosa na kubandika nyingine, na maradhi yatabaki pale pale. Valvu ninayoisema haivumi. Ukiigusa hulia "ting" kama bilauri iliyogongwa kwa kijiko. Ukiongeza sauti, spika huitikisa valvu, valvu huirudishia spika mtikiso ule, nayo spika huitikisa tena kwa nguvu zaidi, mpaka sanduku zima linapiga yowe bila mtu kugusa uzi wa gitaa.

Na hicho kipaza sauti ni kipi? Mitaani jina hilo limepewa vitu viwili: chombo anachoshika mwimbaji mdomoni, na spika iliyo juu ya mnara wa msikiti. Hata tukichukua maana ya kwanza, hoja haisimami. Paza imezaliwa na paa: kupaza ni kufanya kitu kipae. Kila valvu iliyomo ndani ya amplifaya imewekwa pale ipaze sauti, hiyo ndiyo ajira yake. Utaitambuaje valvu mbovu kwa jina la kazi wanayoifanya wenzake wote walio wazima?

Waingereza wana udhuru ambao sisi hatuna. Charles Wheatstone alilitumia neno lao mwaka 1827, akiliunga kwa Kigiriki cha "dogo" na "sauti", kwa chombo cha kusikilizia sauti hafifu. Mwaka 1878 David Edward Hughes akalifufua kwa kifaa chake, ambacho siri yake ilikuwa vipande vilivyogusana kwa ulegevu: vikitikiswa, mkondo wa umeme hubadilika. Valvu inayolia hufanya jambo lililo jirani kabisa na hilo. Gridi yake ikilegea, umbali kati yake na kathodi huyumba kwa kila mtikiso, na mkondo huyumba nao. Kwa hiyo jina lao limebeba mtikiso tangu enzi za Hughes. Kipaza sauti chetu hakikubeba chochote cha namna hiyo, na kulitafsiri jina lao neno kwa neno ni kuchukua ganda na kuacha kiini.

Pendekezo langu ni uitikivu. Mzizi wake ni ita. Anayeitwa huitika: mtoto husema "labeka", mwingine "naam", mwingine "abee". Kutoka itika tunapata itikia, na humo mmetoka kiitikio cha wimbo na mwitikio wa wananchi. Kiambishi -vu nacho kina njia yake ya siku zote: tulia, tulivu, sikia, sikivu, vumilia, vumilivu, basi itikia, itikivu. Valvu iliyo nzima ukiibishia hodi hunyamaza. Iliyolegea huitika, na jibu lake hutokea kwenye spika.

Mwandishi mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, alisema neno hili ni la kwaya, na kwamba "valvu nyitikivu" inakwaruza sikio. Kuhusu kwaya amenisaidia bila kukusudia, maana spika ikitoa sauti na valvu ikaipokea na kuirudisha, hicho ni kiitikio hasa. Kuhusu sikio, nyingi, nyepesi na nyekundu tunazisema asubuhi hadi usiku na hazijamkwaruza mtu. Wengine walinipa "usikivu", neno zuri, ila limekwisha kuwa sifa ya mwanafunzi mwema, na mimi siwezi kutupa valvu kwa kosa la usikivu.

Matumizi ya neno langu kwa ufupi: washa, pandisha sauti kiasi, gonga kila valvu taratibu kwa upande wa kifutio cha penseli ukianzia ya mwisho kuja ya kwanza. Itakayoitika kuliko zote, zima, ibadilishe, au ivishe pete za mpira. Na usiingize kidole ndani, kapasita hubaki na mamia ya volti hata waya ukishachomolewa ukutani. Mlio mdogo kwenye valvu ya 12AX7 ya mwanzo ni wa kawaida, kwa sababu kila kinachotoka hapo hukuzwa na hatua zote zinazofuata. Amplifaya yangu ni ya mchoro wa Fender Champ 5F1, yenye 12AX7 moja tu, nayo ndiyo iliyokuwa ikiitika. Vox wa Uingereza waliyajua haya kwa gharama: valvu ya EF86 kwenye amplifaya zao za AC30 za mwanzo ilishindwa kuvumilia mtikiso wa spika, wakaiacha wakahamia ECC83.

Kijana anayenisaidia kulehemu hajasoma orodha yoyote. Jana alichukua valvu kuukuu kutoka kwenye boksi, akaichomeka, akaigonga mara mbili, akaniuliza, "Mzee, hii nayo si inaitika?" Sikuwa nimemfundisha.

Orodha ile ikichapishwa tena, naomba ukurasa ule ule uwe na mistari hii miwili:

-itikivu kv. (ya valvu) yenye kugeuza mtikiso kuwa sauti.
uitikivu nm. hali ya valvu kuwa hivyo.