Siku Moja Katika Nchi ya Mizabibu

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu mnaosimama mbele ya watoto kila siku, twawaletea habari ya safari fupi tuliyoifanya, safari ya siku moja tu, tangu asubuhi hata jioni, katika nchi ya mizabibu iliyo karibu na mji wa Cape Town, kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Huenda mtu akauliza, Mizabibu ya Rasi ina nini nasi? Kama ni mizabibu, hata Dodoma iko, tena huko huvunwa mara mbili kwa mwaka. Sisi nasi tuliuliza hivyo kabla ya kwenda. Lakini tuliporudi tulikuwa na neno la kusema, na neno hilo lafaa kitabu cha jubilei. Maana jubilei ni wakati wa kuhesabu miaka, na mwenye kuhesabu miaka hana budi kuhesabu na watu.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, na kiongozi wetu alikuwa mwenyeji wa huko, mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliyeijua nchi ile kama mkulima alijuavyo shamba lake. Tulidhani atatupeleka moja kwa moja mashambani. Yeye alitupeleka kwanza kwenye uwanja mdogo katikati ya mji, kando ya kanisa la zamani la Waholanzi. Pale pana mawe meusi kumi na moja, yaliyochongwa sawasawa, yaliyowekwa mwaka wa 2008. Juu ya mawe hayo yameandikwa majina ya watumwa. Karibu na hapo ni mahali uliposimama mti ambao chini yake watumwa waliuzwa. Na ng'ambo ya pili ya uwanja ni jengo lililojengwa mwaka wa 1679, walimokaa watumwa wa Kampuni ya Waholanzi hata mwaka wa 1811. Kiongozi akasema, "Someni majina haya kwanza, ndipo twende tukaone mizabibu." Tukasoma.

Basi, tuanze na mwanzo wa mambo. Tarehe 6 Aprili 1652 Jan van Riebeeck alitia nanga katika Rasi kwa amri ya Kampuni hiyo, apande mboga na kununua nyama kwa ajili ya merikebu zilizokwenda India na kurudi. Mwaka wa 1655 ilipandwa mizabibu ya kwanza. Mwezi wa Machi 1658 ilifika merikebu iitwayo Amersfoort, na ndani yake watumwa waliotekwa katika merikebu ya Wareno iliyotoka Angola. Wengi wao walikuwa watoto, wavulana kwa wasichana. Na tarehe 2 Februari 1659 van Riebeeck aliandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba leo, kwa neema ya Mungu, divai ya kwanza imekamuliwa kwa zabibu za Rasi. Tazameni tarehe hizo. Tangu watoto wale waliposhuka pwani hata shukrani ile ilipoandikwa haukupita mwaka mzima. Shukrani imekumbukwa katika vitabu vingi. Watoto hawakukumbukwa sana.

Watumwa walizidi kuletwa kwa muda wa miaka mia na hamsini hivi. Wachunguzi wa habari za kale wamekadiria kwamba tangu mwaka 1652 hata 1808 waliletwa wapatao 63,000. Walitoka Bara Hindi, na visiwa vya Indonesia, na Bukini, na yapata robo yao walitoka pwani yetu hii ya mashariki ya Afrika, hasa upande wa Msumbiji. Hata Unguja Waholanzi walifika kununua watu, katika miaka ya 1776 hata 1778. Basi aliyeuliza mizabibu ya Rasi ina nini nasi amekwisha kujibiwa.

Walipofika walinyang'anywa hata majina. Wengine waliitwa kwa jina la mwezi, Januari, au Aprili, au Septemba. Na jina la pili lilikuwa la nchi mtu alikotoka, kama vile "wa Bengal" au "wa Msumbiji". Majina hayo ya miezi yamekuwa majina ya koo hata leo. Kiongozi wetu alipokwisha kutueleza hayo alicheka kidogo, akasema kwamba ukoo wake nao una jina la mwezi, naye hajui ni babu yupi aliyepewa, wala huyo babu aliitwaje kwao.

Tukapanda gari, tukapita chini ya mlima mpaka bustani ya Kirstenbosch. Hapo tulionyeshwa mabaki ya ua wa milozi ya mwitu ambao van Riebeeck aliuamuru upandwe mwaka wa 1660. Maana nchi ile haikuwa tupu. Wakhoikhoi walikuwa wakichunga humo ng'ombe na kondoo zao tangu zamani, na walipoona malisho yao yanalimwa na njia za maji zinazibwa, walipigana na Waholanzi mwaka 1659 hata 1660. Walipokuja kufanya amani walimwuliza van Riebeeck kama wao wangekwenda Uholanzi wangeachiwa kufanya mambo kama hayo. Naye hakuwarudishia nchi, alipanda ua. Milozi ile yaishi hata sasa, nayo ina kivuli kizuri, na watoto hucheza chini yake.

Kutoka hapo si mbali mpaka Constantia, shamba alilopewa liwali Simon van der Stel mwaka wa 1685. Nyumba ni nyeupe, ndefu, yenye kuta nene na paa la nyasi. Divai tamu ya Constantia ilipelekwa kwa wafalme wa Ulaya, na Napoleon alipofungwa katika kisiwa cha St Helena aliletewa hiyo. Hayo watu wote huambiwa. Lakini kiongozi alitusimulia na habari ya mwanamke mmoja, Anna de Koningh. Mama yake aliitwa Angela wa Bengal, naye alikuwa mtumwa. Mwaka wa 1666 aliachwa huru pamoja na watoto wake. Anna aliolewa na akida Olof Bergh, aliyelinunua shamba hili. Na mumewe alipokufa mwaka wa 1724, Anna akawa mwenye Constantia hata alipokufa mwaka wa 1734. Mmoja wetu alifurahi sana, akasema, "Tazama jinsi Mungu anavyowainua wanyonge!" Kiongozi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni kweli. Lakini naye pia alikuwa na watumwa." Hakuna aliyejibu. Tuliona kwamba utumwa ni kama nira. Mtu aweza kuivua shingoni mwake, asisite kumvika mwenzake.

Mchana tulifika Stellenbosch, mji uliowekwa mwaka wa 1679, mwaka ule ule lilipojengwa lile jengo la watumwa. Mialoni imepandwa pande mbili za njia, na maji hupita katika mifereji kando ya nyumba. Huko tulifundishwa kazi ya mizabibu. Wakati wa baridi, tangu Juni hata Agosti, matawi hupogolewa; na mwezi wa Februari na Machi, jua likiwa kali, vishada hukatwa kwa mkono mmoja mmoja. Zamani zabibu zilikanyagwa kwa miguu katika mapipa makubwa, ndipo zikatiwa katika shinikizo. Tena tulijifunza jambo tusilolijua. Mwaka wa 1886 alionekana katika Rasi mdudu mdogo sana alaye mizizi, aliyekuwa amekwisha kuharibu mizabibu ya Ufaransa, akaharibu na hii. Dawa iliyopatikana ni kupandikiza vijiti vya mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya mizabibu ya Amerika, ambayo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Hivyo karibu kila mzabibu unaouona leo umesimama juu ya mizizi isiyo yake.

Desturi ya kuwazungusha wageni mashambani ilianza huko mwaka wa 1971, baada ya wenye mashamba kuiona Ufaransa. Mgeni hukalishwa chini ya mti, huletewa bilauri ndogo, huonja, husifu, hununua. Nasi tuliletewa. Wengine walionja, wengine waliomba maji ya zabibu, wala hakuna aliyemcheka mwenzake. Ndipo tulipoiona kengele nyeupe kwenye nguzo zake, karibu na ua, kama ilivyo katika mashamba mengi ya zamani. Mmoja akauliza kama ni ya kanisa. Kiongozi akasema, "Hapana, ni ya watumwa. Ililia alfajiri waamke, ikalia jioni waache kazi."

Hapo alitueleza habari ya marehemu baba yake, aliyekuwa kibarua wa mizabibu. Kwa vizazi vingi vibarua walipewa sehemu ya ujira wao kwa divai, kikombe asubuhi, na tena mchana, na tena jioni. Mtu alizoea, akafungwa na kikombe kama vile babu zake walivyofungwa na mnyororo, naye hakuweza kuliacha shamba. Serikali ilikataza jambo hilo katika miaka ya 1960, lakini katika mashamba mengine liliendelea hata miaka ya 1990. Madhara yake hayajakwisha. Madaktari waliopima watoto wa nchi ile wamekuta wengi waliodhuriwa na pombe wakiwa tumboni mwa mama zao, kupita karibu kila mahali palipopimwa duniani. Hawa nao ni warithi wa mizabibu ile, ingawa hawamo katika hati za urithi. Bilauri zetu zilibaki mezani, wala hakuna aliyeomba ya pili.

Tukavuka mlima, tukashuka mpaka Pniel. Watumwa wa Rasi walitangazwa kuwa huru tarehe 1 Desemba 1834, lakini walilazimishwa kuwatumikia mabwana zao miaka minne tena, hata tarehe 1 Desemba 1838. Serikali ya Waingereza ilitenga pauni milioni 20 kwa fidia katika makoloni yake. Nazo zililipwa kwa mabwana waliopoteza watumwa, si kwa watumwa waliopoteza maisha yao. Wengi walitoka huru bila shamba wala nyumba. Basi mwaka wa 1843 uliwekwa mji wa misheni wa Pniel kati ya mashamba ya mizabibu, wapate mahali pa kujenga, na kanisa, na shule. Tulikuta nyumba ndogo safi, na miti ya matunda, na mnara wa ukumbusho wa uhuru.

Hapo mwenzetu mmoja, mwalimu wa kutoka Mombasa, alisimama akasema, "Hapa ni Freretown!" Nasi tukamwelewa. Maana Freretown, karibu na Mombasa, uliwekwa mwaka wa 1875 uwe kwao watumwa waliokombolewa baharini. Ukapewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka wa 1873 kwa habari ya kukomesha biashara ya watumwa, na ambaye baadaye, mwaka wa 1877, alikuja kuwa liwali wa Rasi hii hii. Na kengele ya Freretown ingaliko, na mahali pake huitwa Kengeleni hata leo. Lakini kengele ile haikulia kuwaita watu kazini kwa bwana. Ililia kuwaonya wenye vijana na watoto kwamba wenye kuwinda watu wanakuja. Chuma ni kile kile, na sauti ni ile ile. Tofauti ni mkono uvutao kamba.

Mwisho tulifika Franschhoek, bonde walilopewa Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya mfalme wao, wakafika Rasi mwaka wa 1688. Nao wana mnara mkubwa mweupe wenye matao matatu, uliofunguliwa mwaka wa 1948. Hatuwaonei wivu, maana nao waliteswa, nao walifanya kazi. Lakini tuliona kwamba wao hawakuwa watu 200 na zaidi sana, na majina yao yamehifadhiwa yote. Na wale 63,000 wengi wao hawana hata jina moja lililo lao.

Tulirudi mjini jua likichwa nyuma ya mlima. Njiani hatukusema sana. Tulipoagana na kiongozi tulimwuliza kwa nini huwaanzisha wageni pale penye mawe, na wengine wasipende. Alisema kwamba akianza na divai, hakuna atakayemsikiliza habari ya mikono.

Basi, ndugu walimu, hili ndilo tulilowaletea. Katika jubilei tunasoma majina ya walioweka msingi, na ni haki. Lakini nani aliyechota maji ya kufinyangia matofali ya kanisa la kwanza? Nani aliyebeba mizigo ya wageni kutoka pwani? Nani aliyewapikia wanafunzi wa kwanza? Wazee wanaowajua wangaliko katika vijiji vyetu, lakini hawatakaa siku zote. Watumeni watoto wakawaulize, na majibu yao yaandikwe katika daftari la shule, kila mtu kwa jina lake mwenyewe na jina la kwao, kabla hatujalazimika kuwatafuta katika mawe.