Njia ya kwenda baharini

Ukimuuliza mtu wa mtaani kwetu Ukunda shida zake, atakutajia maji, takataka na giza la usiku. Mvuvi ataongeza moja: njia. Barabara ya Diani na bahari hazipo mbali, ila katikati ni kuta za hoteli na nyumba za likizo. Kichochoro kikifungwa, mtu na kapu lake la samaki atazunguka.

Utotoni nilidhani hoteli ndizo zilizoanza. Kumbe la. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi huku Pwani: mwenye shamba ajitokeze alidai, lisilodaiwa lihesabiwe la serikali. Wadigo wengi walijua ardhi ni ya ukoo, haina karatasi. Uhuru ulipokuja 1963, ardhi ile ikabaki mikononi mwa serikali, ikagawiwa wengine.

Msikiti wa Kongo bado upo pale Mto Mwachema unapoingia baharini, mkongwe kuliko hati zote hizo. Waliokuwa wakiswali humo hawakuomba ruhusa kufika ufuoni. Basi wazee wetu wakidai kichochoro kifunguliwe, wasiambiwe wanaleta fujo. Njia ilitangulia ukuta.