Dhamana ya Paa: Mnyama Mateka Mbele ya Baraza la Utenzi

Imezoeleka kudaiwa kwamba mshairi akimpa mnyama ulimi huwa anajisemea mwenyewe. Mnyama ni kisingizio, mlengwa ni binadamu. Kwa ngano za sungura na fisi nakubali. Kwa Utendi wa Ngamia na Paa, sikubali.

Katika utendi huo ngamia anamshitakia Mtume Muhammad bwana wake. Kisa chake kimo pia katika mkusanyo wa hadithi wa Abu Dawud, na humo lawama ni mbili tu: njaa na kazi ya kupita kiasi. Paa naye amenaswa na mwindaji. Anaomba aende akawanyonyeshe wanawe, kisha arudi. Mtume anamdhamini, paa anakwenda, na kweli anarudi.

Tuangalie anachokiomba. Uhuru, neno ambalo mshairi wa leo angemtia kinywani upesi, hautaji. Anaomba muda, kwa kuwa chuchu zimejaa na watoto wana njaa. Hilo ni ombi la mwili wa paa. Lau angekuwa kisingizio tu, maziwa yale yangekuwa ya nini?

Umbo lenyewe linashuhudia. Ubeti wa utenzi una vipande 4 vya mizani 8. Vitatu vya mwanzo hubadili kina kila ubeti, cha nne hushika kina kimoja hadi tamati. Paa akisema hapunguziwi mizani wala hatengewi kina cha pembeni. Anatua pale pale anapotua mwindaji, na anapotua Mtume.

Mshairi wa Kijerumani Rainer Maria Rilke alishika njia nyingine katika shairi lake la chui wa bustani ya Jardin des Plantes, Paris, lililotoka kitabuni mwaka 1907. Chui wake hasemi. Anazunguka nyuma ya nondo. Ni shairi kubwa, na huruma yake naiamini. Lakini katika beti zote 3 aliyemfungia hayumo. Msomaji anaondoka na huzuni, na mwenye funguo haulizwi kitu.

Niliwahi kusimama ufukoni Lamu punda akipakiwa mchanga. Shogi lilikuwa limeteleza, na chini yake palikuwa na kidonda kibichi, upana wa kiganja. Nzi walipotua ngozi ilitetemeka, miguu isisogee. Nilijaribu kumtungia ubeti. Maneno hayakunishinda: punda yule angesema “shusha”, basi. Kilichonishinda ni nani wa kuambiwa. Paa alikuwa na mdhamini ambaye mwindaji alimsikiliza. Anayemtungia punda leo hana budi kumwingiza shairini mwenye punda, na mwenye kuagiza mchanga, kila mmoja ajibu kwa mizani 8 zile zile. Mimi sikuwaingiza. Nilikunja karatasi nikarudi nilikofikia, nyumba ya ghorofa mbili ambayo mawe yake, chokaa yake na mchanga wake vyote vilipandishwa kutoka ufukoni kwa mgongo wa punda.