Hema la Bibi Rufaida: Wasia kwa Vijana Wetu Wanaosomea Uuguzi



Kuna jambo ambalo limezungumzwa majumbani mwetu huku pwani tangu zamani, na hata leo halijakwisha. Binti amemaliza shule, amefaulu vizuri, naye ataka kwenda kusomea uuguzi. Baba akataa. Asema kazi ile si ya binti wa Kiislamu. Atakesha nje, atawashika wanaume, haya itamtoka. Mwaka haujaisha, mke wa baba huyo huyo ashikwa na uchungu usiku wa manane, apelekwa hospitali, na anayempokea ni mwanamume. Hapo baba ang'aka: hakuna mwanamke wa kumhudumia mke wangu? Wazazi wa namna hii wamenijia mara nyingi kutaka hukumu, nami huwarudishia swali moja. Huyo mwanamke mnayemtaka awepo usiku ule, atakuwa binti wa nani?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliuhesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya, yaani mji ukikosa kabisa mtu wa kuusimamia, wakazi wote wa mji huo wamo katika dhambi. Tena alilalamika kwamba katika miji mingi ya zama zake hakupatikana tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, na huku wanafunzi wakisongamana kwenye fiqhi. Sisi walimu wa madrasa tusikasirike kwa maneno hayo. Aliyeyasema alikuwa faqihi kuliko sisi.

Wengi wadhani uuguzi ni kazi iliyoletwa na Wazungu. Dhana hii ina sababu. Miongoni mwa hospitali za zamani huku kwetu ni zile zilizoendeshwa na wamisionari, kama ile ya Mkunazini, Unguja, na wazee walichelea watoto wao wasije wakatolewa katika dini. Sitawalaumu kwa hofu ile. Lakini kazi yenyewe ilikuwako Madina kabla ya hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili, tena ilikuwa ndani ya msikiti.

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627), Sahaba mkubwa Saad bin Muadh (R.A.) alipigwa mshale ukamkata mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W.) aliamrisha apelekwe kwenye hema la mwanamke wa kabila la Aslam, jina lake Rufaida, lililokuwa katika msikiti wake. Bibi huyu alikuwa akiwatibu majeruhi, na alijitoa nafsi yake kumhudumia kila Mwislamu aliyekuwa hana wa kumwangalia, akitaka malipo kwa Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akimpitia mgonjwa asubuhi na jioni, amuulize ameamkaje, na jioni amuulize ameshindaje.

Wewe kijana uliyetoka chuoni juzi na cheti chako, usiipite habari hii mbio. Angalia kwanza ni mgonjwa gani aliyekabidhiwa mwanamke huyu: bwana wa kabila la Aws, mtu ambaye Madina nzima ilikuwa ikimtazama. Hakupelekwa kwake kwa kukosekana mtu mwengine. Aliyeamrisha ni Mtume mwenyewe. Angalia pia kule kumuuliza mgonjwa hali yake, asubuhi na jioni. Wewe uingiapo zamu, huanza na nini? Wako wanaoanza na makaratasi, wapite kitanda hadi kitanda wasimtazame mtu usoni. Mgonjwa aliyekesha na maumivu akiulizwa umeamkaje, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, hukueleza mambo ambayo hayamo katika karatasi yoyote, na mara nyengine jambo hilo ndilo daktari alilokuwa akilitafuta.

Lakini katika habari ya Saad kuna lililo zito zaidi. Saad hakupona. Baada ya siku kadhaa jeraha lake lilifumuka, damu ikatoka kwa wingi, akafariki. Alikuwa katika uangalizi ulio bora, Mtume (S.A.W.) yuko karibu naye, na ajali yake ikafika. Muuguzi mpya anapofiwa na mgonjwa wake wa kwanza, hasa akiwa mtoto au mzazi, hurudi nyumbani hawezi kula. Wengine huiacha kazi. Wengine hufanya moyo kuwa jiwe ili wasiumie tena, na hawa ndio wanaokuja kuwa wakali wodini baada ya miaka. Mwanangu, jiulize kama ulitimiza wajibu wako. Ikiwa uliutimiza, lia, kisha oga, sali, urudi kwenye zamu. Ikiwa kuna ulilolipunguza, liseme kwa mkubwa wako lijulikane, asije mwengine akafa kwa sababu ile ile.

Nalo hilo la kusema kweli nalitilia mkazo. Dawa isiyotolewa ikaandikwa kuwa imetolewa ni uongo ambao waweza kuua mtu usiku huo huo. Mgonjwa amelala, jamaa zake wako nyumbani, mkubwa wako hayupo. Nani anayekuona wakati ule wajua mwenyewe, huhitaji kufundishwa na mimi. Na dawa za hospitali zinazotoka mlangoni ndani ya mkoba ni mali ya wagonjwa, ijapokuwa mshahara ni mdogo. Udogo wa mshahara ni dhulma ya kudaiwa kwa wanaohusika. Haulipwi na maskini aliyelala kitandani.

Turudi nyuma kidogo, vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625). Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni. Bibi Fatima (R.A.) alikuwa akimwosha damu na Sayyidna Ali akimmiminia maji kwa ngao. Fatima alipoona kwamba maji yazidisha damu tu, alichukua kipande cha jamvi, akakichoma mpaka kikawa jivu, akalibandika kwenye jeraha, na damu ikakatika. Leo hatuweki jivu kwenye kidonda, na atakayefanya hivyo kwa kisingizio cha Sunna atamdhuru mtu. Ninalotaka ulione ni kwamba alitazama. Kazi aliyokuwa akiifanya haikuwa ikisaidia, akaiona kuwa haisaidii, akaiacha akafanya nyengine.

Ama vijana wanaume wanaoona haya kuitwa wauguzi, wakidhani ni kazi ya kike, na wamsome Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.). Mwaka wa 2 Hijria (624) Waislamu walipotoka kwenda Badri, yeye alibaki Madina kumuuguza mkewe, Bibi Ruqayya, binti wa Mtume. Mtume (S.A.W.) alimhesabia ujira wa mtu aliyehudhuria Badri na fungu lake la ngawira. Aliyekaa kando ya kitanda aliandikwa pamoja na walioshika panga.

Kazi hii haikukoma kwa kwisha zama zile. Mfalme Qalawun wa Misri, kabla ya kutawala, aliugua huko Damascus akatibiwa kwa dawa za hospitali iliyojengwa na Nuruddin bin Zangi mwaka 1154. Akaweka nadhiri kwamba akipata ufalme naye atajenga. Mwaka 1284 akaijenga Cairo hospitali ya Mansuri, akaiwekea wakfu. Wenye homa walikuwa na mahali pao, wenye macho pao, wenye kuhara pao, wanawake pao. Wakaajiriwa wahudumu wanaume na wanawake. Hati ya wakfu ilitaka kila mgonjwa awe na chombo chake cha kulia, asishirikiane na mwengine, na chakula kifunikwe mpaka kimfikie. Hata pepo za ukindu za kujipepea wakati wa joto zilinunuliwa kwa mali ya wakfu. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa ameiona hospitali hiyo miaka michache kabla, akasema uzuri wake hausemeki. Bibi Florence Nightingale wa Uingereza, ambaye vyuo vyote humtaja, naye alianza kujulikana mwaka 1854 katika kambi ya askari ya Waturuki, ng'ambo ya Istanbul. Simpunguzii sifa. Mifereji ya maji machafu iliposafishwa kule mwaka 1855 vifo vilipungua sana, nasi tuliofundishwa kuwa tohara ni sehemu ya imani tungepaswa kuwa wa mbele katika jambo hilo.

Sasa ile hofu ya baba. Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) amesimulia kuwa walikuwa wakitoka vitani na Mtume (S.A.W.), wakiwanywesha watu maji, wakiwatibu majeruhi na kuwarudisha Madina waliouawa. Imam Bukhari ameiweka hadithi hii katika mlango unaouliza kama mwanamke aweza kumtibu mwanamume na mwanamume mwanamke. Wanazuoni wakajuzisha kwa dharura, na dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Kwa hiyo vuta pazia. Funua pale panapotibiwa tu, ufunike upesi. Mwombe mgonjwa idhini kabla ya kumgusa, hata akiwa kikongwe asiyesikia vizuri. Ulichokiona mwilini mwake, na ugonjwa uliousoma katika karatasi zake, usivuke navyo mlango, usimwambie hata mama yako. Mitaa yetu ni midogo. Neno moja limevunja posa na kuwatenga watu na jamaa zao.

Nimemweka nyuma makusudi Bibi Ummu Atiyya (R.A.), mwanamke wa Kiansari. Alitoka katika vita saba pamoja na Mtume (S.A.W.), akibaki kambini kuwapikia, kuwatibu majeruhi na kuwaangalia wagonjwa. Alipofariki binti ya Mtume, Ummu Atiyya alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha, na Mtume (S.A.W.) akawafundisha: waoshe kwa witiri, kwa maji na mkunazi, waanzie kuume na viungo vya udhu, na mara ya mwisho watie kafuri. Baadaye alihamia Basra, na wanazuoni wa mji ule wakaja kwake kujifunza kuosha maiti. Basi nyinyi mabinti mlioko vyuoni, kabla hamjamaliza masomo yenu, nendeni kwa waoshaji wa mitaa yenu mkajifunze kwao. Kuna usiku mwanamke wa Kiislamu atafia wodini, jamaa zake wako ng'ambo ya maji hawajafika, na aliye karibu naye ni wewe.