Chombo cha Angani na Bei ya Kufa: Historia Fupi ya Gemu Sombetini

Mchezo wa video wa kupiga risasi angani, ule unaotazamwa kutoka juu, humpa mchezaji chombo kidogo kilichowekwa upande wa chini wa kioo, naye hukisogeza kushoto na kulia huku akifyatua risasi kuelekea juu, ambako maadui hushuka kwa makundi na kwa kasi inayozidi kila hatua. Katika Kata ya Sombetini, upande wa magharibi wa Jiji la Arusha, penye soko la Mbauda na nyumba za kupanga zilizosongamana, mchezo huo ulifika ukiwa umekwisha kuzeeka huko ulikozaliwa, na namna ulivyolipiwa, kisha ukasukumwa pembeni, inaeleza uchumi wa mtaa kuliko inavyoeleza anga.

Mzizi wake ni wa maabara. Mwaka 1962 wanafunzi na watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, walitengeneza Spacewar!, mchezo wa vyombo viwili vinavyowindana kwenye kioo cha kompyuta iliyokuwa ghali mno kwa mtu binafsi kuimiliki. Biashara yenyewe ilipamba moto mwaka 1978, pale Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, alipotoa Space Invaders. Kasi ya mchezo huo, ambayo wengi huidhania kuwa ilipangwa tangu mwanzo, ilitokana na udhaifu wa mashine: kichakataji, yaani kile kiungo kinachofanya mahesabu yote, kilielemewa kuchora maadui wengi kwa pamoja, hivyo kila adui alipouawa mzigo ulipungua na waliobaki wakaenda mbio zaidi, naye Nishikado alipoona kasoro hiyo inanogesha mchezo akaiacha ilivyo. Zikafuata Galaxian mwaka 1979 na Galaga mwaka 1981, zote za kampuni ya Namco, na mwaka 1982 Carol Shaw, mmoja wa wanawake wachache katika kazi hiyo wakati ule, akatoa River Raid, ambamo ndege huruka juu ya mto unaotiririka kwenye kioo kutoka juu kwenda chini. Nyingi kati ya gemu hizi zilianzia kwenye makabati ya kuchezea yaliyolishwa sarafu, na mwenye kabati alipata pato mchezaji alipokufa, si alipocheza vizuri; ndiyo maana gemu za aina hii zilitengenezwa ziwe ngumu na za haraka.

Galaga ilipotoka, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, kwa hoja kwamba fedha za kigeni zilikuwa haba na kwamba nchi ya wakulima ilikuwa na mahitaji yaliyotangulia. Zanzibar, kwa upande wake, ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tofauti ambayo watu wa Bara waliiona ya ajabu na pengine walikuwa na haki. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, bajeti iliporuhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizonazo wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi, ukapanuka zaidi baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais mwaka 1985 na kuitwa Mzee Ruksa, lakini seti ya televisheni ilipata sababu ya kukaa sebuleni mwaka 1994, vituo vya ITV na CTN vilipoanza kurusha matangazo. Bila seti hakuna gemu. Kwa hiyo historia ya gemu Bara haiwezi kuandikwa kwa kufuata miaka ya watengenezaji wa Japani.

Kilichofika mitaani, kwa sehemu kubwa, ni mashine za bei nafuu zilizotengenezwa China na Taiwan kwa kunakili Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Mashine hizo zilitumia kaseti, yaani kibweta cha plastiki chenye kumbukumbu ya kielektroniki ndani yake, na juu ya kaseti mara nyingi paliandikwa kwamba kuna gemu 9999, ingawa zilikuwa dazeni chache zilizorudiwarudiwa kwa majina mengine. Galaxian ya 1979 ilikaa kwenye orodha moja na gemu zilizotoka miaka saba au minane baada yake, na mtoto wa Arusha aliyezicheza zote alasiri moja hakuwa na njia ya kujua ipi ilimzaa mwenzake. Mashine ilipeleka picha kwenye televisheni kama kituo cha matangazo, na sifa hiyo ilikuja kuzipa seti za zamani maisha ya ziada: mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2013, seti isiyo na king'amuzi ilikosa taarifa ya habari lakini gemu iliendelea kuionyesha.

Kibanda cha gemu, ambacho ni binamu wa kibanda umiza cha kuonyeshea mpira na sinema, kilibadili hesabu nzima. Mwenye kibanda hakuwa na tundu la sarafu. Alikusanya fedha kwa mkono. Akitoza kwa kila maisha ya chombo, mgeni angekufa baada ya dakika moja na kulalamika kwamba ameibiwa, na fundi wa mchezo angekalia benchi alasiri yote kwa malipo ya mara moja huku umeme wa LUKU ukiteketea. Akitoza kwa muda, mchezaji mmoja alishika pedi na wengine wakabaki watazamaji wasiolipa. Mpira wa miguu uliondoa tatizo hilo: mechi ina dakika zinazojulikana, wachezaji ni wawili, na anayefungwa hulipa au humpisha anayesubiri. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ilipoanza kupatikana ikiwa imetumika, gemu za mpira za Konami na EA zilitawala vibanda, na chombo cha angani kikaondoka. Wanaosema vijana wa Kitanzania walipenda mpira tu wanasema nusu ya ukweli, kwa sababu mwenye kibanda naye alikuwa na penzi lake, nalo lilikuwa mechi inayokwisha kwa wakati.

Chombo hicho kilihamia mfukoni. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kupendwa kwa tochi yake na kwa betri isiyokwisha upesi, ilibeba Space Impact+, ambamo chombo huonekana kwa ubavu na kwenda kulia badala ya juu, lakini kazi ya mchezaji ni ileile. Kwa mara ya kwanza kufa hakukuwa na bei. Bodaboda, muuza duka na mwanafunzi walikufa bure mara wapendavyo, na wengi waliowahi kuongoza chombo cha angani walikiongoza hapo, si kibandani.

Simu janja imerudisha malipo kwa mlango mwingine. Gemu hupakuliwa bila kulipiwa, lakini chombo kikilipuliwa mchezaji huambiwa atazame tangazo ili afufuke, na tangazo hilo hula bando. Kwa hiyo wachezaji wengi huzima data kabla ya kufungua gemu, wakikubali kwamba wakifa wataanza tena hatua ya kwanza.