UZI: "Kubali tusonge mbele" haijawahi kuponya familia

Kila mjadala wa dhuluma za kihistoria ukianza hapa, hakosi mtu wa kusema, "Hayo ni ya zamani, tusonge mbele." Sawa. Hebu tuangalie hiyo zamani kwanza.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia 1954, watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu, walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji karibu 800 vilivyozungushiwa mitaro na ua wa miti iliyochongwa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, wengine msituni. Wengine walikuwa upande wa serikali, wale walioitwa ngati.

Hapa ndipo watu huruka. Nyumba moja ingeweza kuwa na ndugu mmoja msituni na mwingine ngati. Mashamba yakaunganishwa wengine wakiwa bado kizuizini, na wengi wao wakarudi wakakuta wamepoteza. Halafu wote wakaishi kama majirani, mto mmoja, kanisa moja. Nani angeanza kusimulia? Hata sheria ilinyamazisha: marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003, miaka 40 baada ya Uhuru!

Mtoto wa hiyo nyumba hakuambiwa kitu, lakini aliona. Mama anashtuka mlango ukigongwa usiku. Baba anachapa vibaya kwa kosa dogo. Naye akalea wake hivyo hivyo.

2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Ni haki yao, na wengi hawakupata chochote. Lakini pesa haimwelezi mjukuu mbona babake ni mkali hivyo. Tiba ya mazungumzo inaweza: mzee anasimulia pole pole, mshauri yuko hapo, familia inasikiliza, na mtoto anajua hiyo hasira ilianzia wapi.

Najua mtasema tiba ni ya matajiri wa Nairobi. Zimbabwe, tangu 2006, nyanya waliofunzwa huketi na wagonjwa kwa benchi nje ya zahanati. Kwani sisi hatuna nyanya?

Kwa hivyo mgombea akija na ahadi ya fidia, muulize pia bajeti ya washauri kwa zahanati ya wadi yenu iko wapi. Na aharakishe. Waliokuwa watoto 1954 sasa wana miaka 70 na zaidi.