Siku saba za Prestige, na wanawake waliotangulia

Kila mzozo wa kupiga marufuku filamu unapozuka Nairobi, watu hukumbuka Septemba 2018 na sinema ya Prestige, Barabara ya Ngong. Ni kumbukumbu ya haki. Lakini historia ya wanawake wa mji huu katika runinga na filamu ilianza kitambo, nasi tumeitunza vibaya.

Nyumba nyingi zilimfahamu kwanza Mama Kayai, mkewe Mzee Ojwang katika kipindi cha Vitimbi cha runinga ya KBC. Wachache humtaja kwa jina lake, Mary Khavere. Nyuma ya kamera, Jane Murago-Munene alitoa The Tender One mwaka 1979. Anne Mungai, aliyesomea katika chuo cha serikali cha mawasiliano, KIMC, akafuata mwaka 1992 na Saikati, hadithi ya msichana Mmaasai anayeikimbia ndoa ya kupangiwa na kuingia Nairobi. Wanjiru Kinyanjui alirudi na ujuzi wa filamu kutoka Berlin. Mwaka 2002 Judy Kibinge, aliyetoka katika matangazo ya biashara, aliongoza Dangerous Affair chini ya mtayarishaji Njeri Karago, na vijana wa Nairobi wakajiona wenyewe kwenye skrini. Hawa Essuman akaipeleka kamera Kibera kwa Soul Boy.

Kisha ikaja Rafiki ya Wanuri Kahiu, kisa cha wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana huku baba zao wakishindana kisiasa. Aprili 2018 bodi ya uainishaji wa filamu iliipiga marufuku. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, usiwe na matumaini, naye akakataa. Mwezi uliofuata Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes. Wafaransa waliitazama; Mkenya aliyekutwa nayo alionywa kwamba atakuwa amevunja sheria.

Kahiu akaenda mahakamani. Ili filamu ifikiriwe kuiwakilisha Kenya katika tuzo za Oscar, ilipaswa kuonyeshwa nyumbani siku saba, na muda ulikuwa unayoyoma. Tarehe 21 Septemba Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku hizo saba, kwa watu wazima pekee. Alisema hakuamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi ya maadili yake kutikiswa na filamu. Hoja hiyo ingetosha kuumaliza ugomvi wote. Prestige ikajaa, tiketi zikaisha, maonyesho yakaongezwa. Wiki ilipokwisha, marufuku ikarejea.

Kenya ikaipeleka filamu nyingine, Supa Modo, kwenye Oscar. Mwaka 2019 Samantha Mugatsia, mmoja wa nyota wawili wa Rafiki, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la FESPACO, Burkina Faso. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliunga mkono marufuku, na baadaye Kahiu akaongoza Look Both Ways ya Netflix.

Runinga nayo imesonga: tamthilia ya Maria ya Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, ilimpa Yasmin Said umaarufu kila jioni katika runinga ya Citizen. Lakini msichana wa Kawangware anayetamani kazi ya filamu ataionea wapi Saikati? Serikali iliyomfunza Mungai inapaswa kuisafisha filamu hiyo na kuionyesha hadharani. Ukumbi wa Kenya National Theatre upo, hatua chache tu kutoka KBC.